Kupima Ubora wa Matunzo kabla ya Kumkabidhi Mzee

Bibi wa miaka 81, mkazi wa vijiji vya juu vya Mbulu, anateleza uani asubuhi yenye ukungu na kuvunjika nyonga. Baada ya wiki kadhaa hospitalini, daktari anawaarifu wanawe kwamba ataruhusiwa baada ya siku tatu, na kwamba hataweza tena kuishi peke yake. Mwana wa kwanza analima Hanang, wa pili ni mwalimu Babati, na binti yuko Arusha. Mfano huu ni wa kubuni, lakini hapana kata isiyo na familia iliyowahi kuketi katika kikao cha namna hiyo. Kwa kawaida swali linaloulizwa kwanza ni nani mwenye nafasi ya kumchukua, na linaloulizwa mwishoni, pengine lisiulizwe kabisa, ni mahali gani atatunzwa vizuri.

Njia zilizo wazi kwa familia kama hiyo ni chache. Bibi anaweza kuhamia kwa mwanawe na kuangaliwa na mkamwana. Anaweza kubaki kwake akaajiriwa msichana wa kumhudumia. Anaweza kupelekwa mjini kwa binti anayetoka nyumbani alfajiri na kurudi usiku. Njia ya nne ni makazi ya wazee, na hapa ndipo watu wengi hukosea. Makazi ya wazee ya Serikali katika Mkoa wa Manyara yako Magugu, wilayani Babati, na yalikusudiwa wazee wasio na ndugu wala uwezo wa kujikimu. Njia ya kuingia huko huanzia kwa Afisa Ustawi wa Jamii wa halmashauri, anayechunguza hali ya mzee. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003, inayomtambua mzee kuwa ni mtu wa miaka 60 na zaidi, iliiweka familia kuwa mtunzaji wa kwanza, na makazi yakawa kimbilio la mwisho. Hivyo bibi mwenye watoto watatu hawezi kutazamia nafasi huko kwa sababu tu watoto wake wana shughuli nyingi. Kuhusu makazi ya watu binafsi au ya taasisi za dini yaliyo katika miji mingine, Afisa Ustawi wa Jamii ndiye wa kuulizwa kama yamesajiliwa, kabla fedha yoyote haijalipwa.

Nchini Marekani, tangu mwaka 2008, makazi ya wauguzi hupewa nyota kuanzia 1 hadi 5, na wakaguzi hufika bila kutoa taarifa. Kwa miaka kadhaa ya mwanzo, idadi ya wahudumu iliyotumika kugawa nyota hizo ilitolewa na makazi yenyewe, na baadaye Serikali ikalazimika kudai kumbukumbu za mishahara ili kuithibitisha. Fundisho moja katika historia hiyo linatumika hata pasipo nyota: anayetoa huduma hawezi kuwa shahidi pekee wa ubora wake. Katika nyumba ya ndugu huko Dongobesh au Katesh hakuna mkaguzi wa Serikali anayebisha hodi. Mkaguzi ni ndugu anayefika siku ambayo hakutarajiwa.

Afikapo, atazame nini? Macho ya mgeni huvutwa na ukuta uliopakwa rangi, sakafu iliyopigwa deki na shuka jipya lililotandikwa dakika kumi kabla hajaingia. Vitu hivyo havina ubaya, ila vinaeleza machache. Ushahidi ulio imara zaidi ni mwili wa mzee mwenyewe. Mtu asiyeweza kujigeuza kitandani anapaswa kugeuzwa takribani kila baada ya saa 2, usiku na mchana, la sivyo ngozi iliyo juu ya mfupa hukosa damu na kuanza kufa. Sehemu za kukagua ni visigino, nyonga, mfupa wa chini ya mgongo na viwiko. Wekundu usiotoweka unapobonyezwa kwa kidole ni onyo. Kwa ngozi nyeusi, ambayo wekundu hauonekani kwa urahisi, tafuta sehemu iliyo ngumu, yenye joto au yenye maumivu kuliko ngozi inayoizunguka. Kidonda kikishafunguka huchukua miezi kupona, na wapo wanaokufa kwa sababu yake. Ndugu wengi huona haya kumfunua mama yao. Inafaa basi binti au mjukuu wa kike afanye kazi hiyo wakati wa kumwogesha, na kwa mzee wa kiume mwanawe au mjukuu wa kiume.

Mwili husema mengine pia. Nguo iliyokuwa ikimtosha mwezi uliopita sasa inampwaya. Midomo imekauka na mkojo una rangi ya chai kwa sababu mzee hasikii kiu kama kijana, naye hatanywa maji asipoletewa kikombe mkononi. Kucha ni ndefu. Anasinzia mchana kutwa, ilhali hakuwa hivyo; hapo ndugu waulize bila woga ni dawa gani anapewa, na nani aliyeziandika. Dawa ya usingizi iliyonunuliwa dukani ili nyumba itulie usiku si matunzo.

Jambo la lugha husahauliwa sana, na katika wilaya hizi mbili lina uzito wa pekee. Wazee wengi wa Kiiraqw na wa Kidatoga walijifunza Kiswahili ukubwani, na wapo ambao hawakukizoea kamwe. Kumbukumbu zinapoanza kufifia, aghalabu lugha iliyojifunzwa baadaye ndiyo hutangulia kupotea. Mzee aliyesalimiana kwa Kiswahili sokoni miaka 50 hubaki na lugha ya mamaye. Sasa yuko Arusha kwa binti yake, chini ya msichana aliyetoka mkoa mwingine, naye anaita usiku, “ma'ay, ma'ay.” Anaomba maji. Msichana anadhani bibi anaweweseka, anamfunika blanketi na kurudi kulala. Hapana ukatili wowote katika tukio hilo, na hata hivyo mzee amelala na kiu. Mtu atakayemhudumia akiwa hajui lugha yake, basi walau maneno ishirini yaandikwe na kubandikwa ukutani: maji, maumivu, choo, baridi, njaa na mengineyo ya kila siku.

Hali ya hewa nayo huhama pamoja na mzee. Juni na Julai baridi ya nyanda za juu za Mbulu ni kali, na njia ya haraka ya kumpasha mzee joto ni kuingiza jiko la mkaa chumbani na kufunga dirisha. Mkaa unaowaka hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu wala rangi, inayoua watu wakiwa usingizini. Anayekagua chumba aulize waziwazi usiku joto linatoka wapi. Jibu linalofaa ni blanketi za kutosha, soksi, kofia na dirisha lenye upenyo. Kwa upande mwingine, mzee anayeshushwa kutoka milimani kwenda kwenye bonde lenye joto kama Magugu hukutana na mbu kuliko alivyozoea, na mwili wake hauna uzoefu wa malaria walionao wenyeji. Chandarua kizima, kilichochomekwa chini ya godoro, kitazamwe kwa macho.

Ziara moja ifanyike saa ya chakula na nyingine jioni sana. Mchana kila nyumba ina watu. Usiku ndipo hujulikana ni nani anayeamka bibi anapotaka kwenda kujisaidia, na kama njia ya chooni ina taa na kitu cha kushikilia, kwani aliyevunjika nyonga mara moja anaweza kuvunjika tena. Chakula kiwe laini kwa asiye na meno, na kiwe alichokizoea. Makande yaliyoiva vizuri pamoja na maziwa mgando humfaa zaidi kuliko wali mkavu wa heshima ulioandaliwa kwa ajili ya mgeni. Halafu mzee aulizwe mwenyewe, akiwa peke yake na ndugu anayemwamini. Akijibu kila swali kwa kumtazama mwenye nyumba kwanza, hilo nalo ni jibu.

Mhudumu pia apimwe kwa haki. Mkamwana anayelima, kupika, kulea watoto wanne na kumgeuza mkwewe kila baada ya saa 2 hataimudu kazi hiyo mwaka mzima, hata awe na moyo mwema kiasi gani. Familia inayouliza “nani atampumzisha?” imeuliza swali la ubora. Zanzibar hulipa pensheni ya kila mwezi kwa wazee wote waliofikisha miaka 70 tangu mwaka 2016. Tanzania Bara hakuna malipo ya namna hiyo kwa kila mzee, na kwa hiyo gharama za nepi, sabuni, mafuta ya ngozi na usafiri wa kliniki ziwekwe mezani na zigawanywe kabla ya mzee kuhama. Mzee asiye na uwezo atambuliwe kuanzia serikali ya kijiji ili apate matibabu bila malipo katika vituo vya umma.

Wakati huohuo mambo ya mali yatenganishwe na matunzo. Shamba, ng'ombe na namba ya siri ya simu ya mzee visiwe malipo ya yule anayempokea, na asiwekwe kidole gumba kwenye karatasi yoyote akiwa na homa au amechanganyikiwa. Pale ndugu wanaposhindwa kuelewana, au mzee anapoonekana kuumizwa au kunyimwa chakula, baraza la wazee la kijiji, Mtendaji wa Kata na Afisa Ustawi wa Jamii ndio wa kuwaendea.

Katika mfano wa hapo mwanzo, watoto watatu waliamua bibi aende kwa mwanawe wa Hanang, ambako kila mtu nyumbani anasema Kiiraqw na zahanati iko karibu. Mwalimu alichukua gharama. Binti wa Arusha aliahidi kuja likizo zote ili mkamwana apumzike. Wiki ya tatu mwalimu alifika Jumanne usiku bila kupiga simu, akakuta taa inawaka na mama yake ameketi akinywa uji, akiwa na wekundu kidogo kwenye kisigino cha kushoto. Kesho yake ukatafutwa mto wa kuinua miguu.