SOMO: KUCHAGUA BETRI YA REDIO YA MAWASILIANO

Chama cha msingi cha Karagwe au Kyerwa kinachokusudia kutumia redio ya mawasiliano wakati wa msimu wa kahawa sharti kwanza kipate leseni ya TCRA, kisha kipige hesabu ya betri kabla mkutano haujapitisha fedha.

Redio ya volti 12 yenye nguvu ya wati 100 hutumia ampea 1 hivi inaposikiliza, na ampea 20 hivi inapotuma sauti. Kusikiliza saa 8 ni ampea-saa 8. Kutuma kwa jumla ya nusu saa ni ampea-saa 10. Jumla ni 18.

Betri ya risasi na tindikali haifai kutumiwa kupita nusu ya uwezo wake, la sivyo hufa mapema. Kwa hiyo inatakiwa isiyopungua ampea-saa 36. Ya 50 ni bora, kwani betri hudhoofika kadiri inavyozeeka.

Betri ya gari huvutia kwa bei, lakini imeundwa kuwasha injini kwa sekunde chache tu. Ikimalizwa kila siku huharibika upesi, na hasara ni ya wanachama. Inunuliwe betri ya sola. Ile ya lithiamu hudumu zaidi, ingawa ni ghali na hudai chaja yake maalumu.

Katibu atunze stakabadhi na kuiandika betri katika daftari la mali.

Zoezi: Redio ikituma kwa saa nzima, je, betri ya risasi ya ampea-saa 50 itatosha? (Jibu: Haitoshi, inatakiwa 56.)