Mfarishi wa Zamu: Wikendi ya Kushona Kakontwe

Marafiki wanaokwenda kushona nje ya mji huanza kukosea kabla hata ya kutoka nyumbani: kila mmoja hubeba kazi yake. Wanane wanafika na mabunda manane, mikasi isiyokata na cherehani moja inayotaka umeme, na Jumapili jioni wanarudi na kazi nane ambazo hazijaisha. Kwa akina mama wa Likasi wanaofikiria kutoka Ijumaa hadi Jumapili, hapo Kakontwe pembeni mwa mji au shamba lolote la jirani, ushauri wangu ni huu: nendeni na mfarishi mmoja tu. Uwe wa mmoja wenu, mikono yote iushughulikie, na safari ijayo iwe zamu ya mwingine. Likelemba, mchango wa zamu, mnaijua kwa fedha. Hii ni ya sindano.

Mfarishi wa viraka una matabaka matatu: juu viraka vilivyoungwa, katikati blanketi jepesi, chini shuka au kitambaa kizima. Kukata na kuunga viraka kunamfaa mtu akiwa nyumbani kwake, mezani, siku ambayo umeme upo. Kazi inayomshinda akiwa peke yake ni kuyashika hayo matabaka matatu pamoja bila kujikunja. Basi hiyo ndiyo ya kupeleka shambani. Mwenye zamu afike na viraka vyake vimeshaungwa.

Sasa hesabu ya kitambaa, ambayo ikikosewa hapa husumbua hadi mwisho. Kikwembe kimoja ni yadi mbili, karibu sentimita 180 kwa urefu, na upana wake kwa kawaida hupita sentimita 110. Kifueni kwanza. Pamba hupungua ikiguswa na maji, na rangi nyekundu na ya nili hupenda kutoka. Lowesha kona, isugue kwenye kitambaa cheupe, ikiacha alama kifue tena. Kikikauka, kipige pasi, kisha kata viraka vya mraba vya sentimita 14 kwa 14. Utapata saba kwa upana na kumi na viwili kwa urefu, yaani 84. Mfarishi unahitaji 80. Vinne vinavyobaki ni vya kufidia makosa ya mkasi.

Uzuri wa mpango huu ni kubadilishana. Kila mmoja afunge vibunda vinane vya viraka kumi kumi, abaki na kimoja na kuwagawia wenzake saba. Kila mtu atakuwa na viraka 80 vya michoro minane tofauti bila kununua zaidi ya kikwembe kimoja. Fanyeni hivyo mjini, wiki kadhaa kabla ya safari. Mshono ukila milimita saba na nusu kila upande, kiraka hubaki sentimita 12.5. Mistari kumi ya viraka vinane inatoa mfarishi wa sentimita 100 kwa 125, unaomtosha mtoto au magoti ya bibi. Kwa tabaka la chini, kata shuka la sentimita 110 kwa 135, ili ukingo unaozidi ukunjwe kuja juu na kushonwa. Hapo hamhitaji utepe wa pembeni.

Kabla ya kuchanganya vitambaa, chomoa nyuzi chache uzichome mbali na nguo. Pamba huacha jivu laini. Nailoni na poliesta huyeyuka na kuganda kama kijiwe. Kitambaa kinachoyeyuka kiwekeni kando, maana pasi ya moto itakiharibu na kuvuta viraka vya jirani.

Na msidhani ni lazima vitambaa viwe vipya. Kule Gee's Bend, Alabama, Marekani, wanawake weusi wameshona mifarishi kwa vizazi kutokana na nguo za kazi zilizochakaa. Mwaka 1942 Missouri Pettway alishona mmoja kwa nguo za kazi za marehemu mume wake, na mwaka 2002 mifarishi ya kijiji hicho ilianza kuonyeshwa katika majumba makubwa ya sanaa nchini humo. Likasi, mji ulioajiriwa na kampuni za migodi, Union Minière na baadaye Gécamines, una masanduku mangapi yenye salopeti za baba na babu? Kitambaa cha salopeti ni kizito, kwa hiyo kisichanganywe na vikwembe laini. Kishoneni peke yake, kwa sindano nene. Karibu zaidi na nyumbani, huko Kasai, wanawake wa Kikuba hupamba sketi ndefu za rafia kwa viraka, na husemwa kwamba mtindo huo ulianza kwa kuziba matundu yaliyotokea kitambaa kilipotwangwa kilainike.

Chagueni Mei au Juni. Kuanzia Novemba hadi Machi mvua huharibu barabara na nguo hazikauki. Agosti na Septemba kuna vumbi na moshi wa moto wa porini, na shuka jeupe halisameheki. Juni, hata hivyo, ina usiku wa baridi, maana Likasi iko juu, karibu mita 1,300. Hapa niseme bila kupunguza: mbabula ya makaa isiingizwe chumbani mnapolala. Gesi ya makaa haina harufu wala haioni aibu kuua watu wakiwa usingizini. Bebeni mablanketi. Bebeni na vyandarua.

Mahali pa kulala panaweza kuwa shamba la ndugu, au nyumba ya wageni ya misheni. Kabla ya kulipa ulizeni mambo matatu: maji yanatoka wapi, choo kikoje, na kama kuna sehemu ya kivuli yenye nafasi ya mkeka wa mita mbili. Kuhusu umeme, msiuhesabu, ingawa bwawa la Mwadingusha kwenye mto Lufira linazalisha tangu 1930. Lilijengwa kwa ajili ya migodi. Juni giza huingia karibu saa 12 jioni. Shoneni mchana, na usiku tumieni taa ya sola. Mshumaa na matabaka ya pamba havikai pamoja.

Jumamosi asubuhi tandikeni shuka, upande mzuri ukitazama chini, na kulivuta linyooke. Juu yake blanketi, kisha viraka. Anzeni katikati na mishono mirefu ya muda, mkielekea pembeni; mkianza pembeni, makunyanzi yote yatakutana katikati na hayatoki tena. Halafu, kwa kikundi kinachoanza, fungeni mafundo badala ya kushona mistari: uzi imara wa pamba upite matabaka yote kila pale kona nne za viraka zinapokutana, ufungwe mara mbili na kukatwa. Kona hizo ni 63, nane hivi kwa kila mtu. Baadaye watu wawili wakunje ukingo. Mkimaliza mapema msianze mwingine, pigeni soga.

Suala la jiko lisiachwe hewani. Wanawake wanane wakitoka mjini ili wakapikie watu shambani, hawajatoka. Mlipeni mtu wa hapo, au pikeni wawili wawili: bukari, sombe, samaki wa ziwa Tshangalele wakipatikana.

Mkitaka kutembea, Kakontwe ni nchi ya mawe ya chokaa. Tabaka la mawe lenye jina lake linafika hadi Kipushi na Zambia. Kuna mapango na machimbo. Msiingie pangoni bila mwenyeji na taa mbili, na penye popo rudini, kwa sababu popo wa mapangoni hubeba maradhi kama Marburg. Kingo za machimbo zina hatari zaidi kwa watoto kuliko mapango. Kwa usalama wa watoto hao, sindano nazo zihesabiwe kila jioni, na zilizovunjika ziwekwe kwenye kopo lenye kifuniko.

Kabla ya kuachana, andikeni orodha ya zamu. Wikendi mbili kwa kiangazi maana yake mama wa nane atasubiri hadi mwaka wa nne, jambo ambalo hakuna likelemba inayolivumilia. Kwa hiyo zamu nyingine zifanyike mjini, uani kwa mmoja wenu, Jumapili mchana. Aliyekwisha kupata wake akiacha kuja, alipe bei ya blanketi la anayefuata. Kubalianeni hilo siku ya kwanza, mbele ya wote, kabla ya kugawana viraka.