Kumpokea Msanii Aliyekimbia Kwao: Mwongozo kwa Vikundi vya Mbeya na Iringa

Nyanda za Juu Kusini zimewapokea waliokimbia kwao kwa miaka mingi. Nelson Mandela alipotoka Afrika Kusini kwa siri Januari 1962, alitua Mbeya kabla ya kufika Dar es Salaam. Miaka ya 1970 wapiganaji wa ZANU wa Zimbabwe walifanya mafunzo Mgagao, mkoani Iringa, wakati ambapo nyimbo zilikuwa sehemu ya mapambano yao. Siku hizi anayebisha hodi kwenye kikundi chako huenda ni mpiga gitaa kutoka Kivu, mpiga ngoma wa Burundi au mchoraji aliyeacha kila kitu nyumbani.

Tunachokosea mara nyingi ni kumpa jukwaa kwanza. Anaalikwa kutumbuiza, anapigiwa makofi, anapewa nauli, na kesho yake hana kibali, hana chombo wala malipo. Mwongozo huu unaanza na makaratasi kwa sababu bila hayo jukwaa lenyewe linaweza kumtia matatani.

Hatua ya 1: Fahamu yuko nchini kwa hati gani

Muulize faraghani, tena kwa heshima. Jibu lake litakuwa mojawapo ya haya.

Akiwa mkimbizi aliyesajiliwa, Sheria ya Wakimbizi ya 1998 inamtaka aishi katika eneo lililotengwa, kama kambi ya Nyarugusu iliyofunguliwa mkoani Kigoma mwaka 1996. Kutoka nje ya eneo hilo kunahitaji kibali cha maandishi. Ukimwalika Iringa kwa onesho la siku mbili, hakikisha kibali kipo mkononi mwake kabla hujamtumia nauli, na tarehe zake zinatosha kwenda na kurudi. Basi likiharibika njiani, siku moja ya ziada ndiyo itakayomwokoa.

Akiwa na pasipoti ya Burundi au Kongo, nchi zote mbili ni wanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, Burundi tangu 2007 na Kongo tangu 2022. Kuingia nchini si tabu kubwa. Lakini kibali cha matembezi hakimruhusu kufanya kazi ya kulipwa, na kupiga muziki ukumbini kwa ujira ni kazi.

Huenda pia ni Mtanzania. Warundi waliokimbia mauaji ya 1972 waliwekwa Katumba, Mishamo na Ulyankulu, na zaidi ya 160,000 kati yao na watoto wao wamepewa uraia. Mpiga ngoma aliyetoka Mishamo kuja Mbeya anaweza kuwa na haki zote ulizo nazo wewe. Usimwandike "mkimbizi" kwenye bango lako.

Asiye na hati yoyote usimfiche. Sheria ya Wakimbizi inataka anayeomba hifadhi ajitokeze kwa mamlaka ndani ya siku saba tangu aingie, na Sheria ya Uhamiaji inamwadhibu pia anayemhifadhi mtu aliye nchini kinyume cha sheria. Mtafutie wakili au mtoa msaada wa kisheria leo hii, kabla ya mambo ya gitaa.

Hatua ya 2: Omba vibali mapema

Sheria ya ajira za wageni ya 2015 ina daraja maalumu la kibali cha kazi kwa wakimbizi, Daraja E. Wengi hawajui kwamba lipo. Maombi yanapitia kwa Kamishna wa Kazi. Kwa upande wa sanaa, msanii wa kigeni anahitaji kibali cha BASATA, Baraza la Sanaa la Taifa lililoundwa kwa Sheria Namba 23 ya 1984. Ukishindwa kujua pa kuanzia, nenda kwa Afisa Utamaduni wa Halmashauri ya Jiji la Mbeya au Manispaa ya Iringa. Beba barua yenye jina la msanii kama lilivyo kwenye hati yake, aina ya sanaa, mahali, tarehe, malipo na jina la anayewajibika. Baki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa.

Hatua ya 3: Chombo kwanza, na kiwe chake

Hapa ndipo pesa ya kikundi inapofanya kazi kubwa kuliko popote. Mwanamuziki Remmy Ongala, mzaliwa wa Kindu, Kongo, alikuja Dar es Salaam mwaka 1978 kujiunga na bendi ya Makassy. Bendi ya Matimila aliyoipatia umaarufu baadaye ilibeba jina la mfanyabiashara aliyemiliki vyombo. Sinza, jijini Dar es Salaam, kuna eneo linaloitwa kwa Remmy hadi leo, lakini bendi ilikuwa na jina la mwenye vyombo. Kwa hiyo gitaa la kanisa au la bendi nyingine litumike miezi ya mwanzo tu. Lengo liwe kumnunulia chake, hata kama ni kuukuu, na risiti iandikwe jina lake.

Muulize yeye chombo gani, usimnunulie kwa kukisia. Ngoma ya Burundi, kwa mfano, haipatikani dukani. Huchongwa kutoka gogo moja la mti, mara nyingi mringaringa, kisha ngozi ya ng'ombe huwambwa mdomoni kwa vigingi vya mti. Mringaringa unaota katika nyanda zetu, ila usikate kabla ya kufika ofisi ya Wakala wa Huduma za Misitu (TFS) kuulizia kibali cha mti. Ngozi utaipata machinjioni. Chagua isiyo na tundu la kisu, kwa sababu tundu dogo litapasuka ngozi ikivutwa. Na unyevunyevu wa ukungu wa asubuhi unalegeza ngozi. Ngoma ianikwe juani kabla ya onesho, la sivyo sauti itakuwa butu. Panga ratiba ukijua hilo, usimweke mpiga ngoma saa moja asubuhi kwenye ukungu.

Hatua ya 4: Mahali pa kufanyia kazi

Kumbi nyingi za Mwanjelwa na Mlandege zina nafasi siku za katikati ya juma. Saa tatu za mazoezi mara mbili kwa wiki zinatosha kuanza. Kwa mafundi wa mikono, nendeni mkaone Neema Crafts ya Iringa, iliyoanzishwa 2003 kwa ajili ya watu wenye ulemavu. Wanaotengeneza na wanaouza wako pamoja, na mnunuzi anaiona kazi ikifanyika. Mpango huo unamfaa pia mshonaji au mchongaji aliyehama.

Hatua ya 5: Lipa kwa maandishi

Mkataba wa ukurasa mmoja unatosha: kazi, saa, kiasi, siku ya kulipa, na nani atalipia nauli na chakula. Usomwe kwa sauti mbele yake, kwa lugha anayoielewa vizuri, kabla ya kutia sahihi. Mlipe sawa na msanii wa hapa mwenye uwezo kama wake. Kama pesa inapitia laini ya simu ya mtu mwingine, hilo liandikwe na wote watatu watie sahihi. Wimbo alioutunga ni wake. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 haihamishi umiliki kwa mwenye studio eti kwa sababu alirekodi bure.

Hatua ya 6: Uliza kabla ya kutangaza

Picha moja mtandaoni inaweza kumfikia mtu ambaye msanii alimkimbia, au kuwaletea shida ndugu waliobaki. Muulize atumie jina gani, na kama uso uonekane. Hata mpangilio wa jukwaa unataka swali. Mwaka 2017 serikali ya Burundi iliwakataza wanawake kupiga ngoma za asili na ikataka maonesho yawe na idhini ya wizara. Mwanamke anayezipiga Mbeya anaweza kuwa anafanya jambo zito kuliko watazamaji wanavyodhani. Aamue mwenyewe.

Hatua ya 7: Mpe usukani, na akiondoka mwachie aende na vitu vyake

Baada ya msimu mmoja, yeye ndiye afundishe vijana wenu, awe kwenye kamati, ashike daftari la mapato. Dakawa, mkoani Morogoro, Waafrika Kusini wa chama cha ANC waliokuwa uhamishoni walikuwa na mradi wa sanaa na ufundi, na mwanzoni mwa miaka ya 1990 waliuhamishia kwao Grahamstown. Nasi tujiandae hivyohivyo: msanii akirudi kwao, aondoke na chombo chake na kazi zake.

Wenye kumbi, viongozi wa kwaya na wakuu wa bendi wa Mbeya na Iringa, kama mnamfahamu msanii wa namna hii, anzeni wiki hii na Hatua ya 1. Onesho lije baadaye.