Irabu na Konsonanti za Kiingereza na Kiuzbeki

Swali: Kwa nini Mwuzbeki anayejifunza Kiingereza hutatizwa zaidi na irabu kuliko konsonanti?

Jibu: Sababu kuu ni tofauti ya mifumo ya fonimu, yaani sauti zenye uwezo wa kubadili maana ya neno. Kiuzbeki sanifu kina irabu 6, ilhali matamshi sanifu ya Uingereza, kwa hesabu ya jadi, yana irabu 20, yaani 12 sahili na 8 unganifu, ambazo huanzia kwenye irabu moja na kuishia kwenye nyingine. Kwa kuwa urefu wa irabu hautofautishi maana katika Kiuzbeki kwa kawaida, mwanafunzi huelekea kuyatamka maneno *ship* na *sheep* kwa irabu moja, ingawa Mwingereza huyatenganisha kwa urefu na pia kwa mkao wa ulimi.

Katika konsonanti pengo ni dogo, kwa sababu sauti kama *p*, *m* na *s* zimo katika lugha zote mbili. Hata hivyo, Kiuzbeki hakina sauti zinazoandikwa *th* na *dh* kwa Kiswahili, hivyo wanafunzi wengi huweka *s* au *z* mahali pake. Kwa upande mwingine, Mwingereza anayejifunza Kiuzbeki hukabiliwa na *q*, kipasuo kinachotamkwa nyuma ya ulimi kwenye kimio, pamoja na *gʻ*, kikwamizi ghuna kinachokaribiana na *gh* ya Kiswahili.