Shamba Lisiuzwe Kwanza

Mdogo wangu wa Mbeya, barua yako nimeisoma hadi mwisho, na ninaijibu hapa mbele ya wenzako kwa sababu wengi wanaoniandikia wako palepale ulipo. Shahada ya ununuzi na ugavi unayo. Tangu uvue joho uko nyumbani, maombi umetuma hadi umeacha kuyahesabu, na majirani wameanza kumuuliza mama kama kweli ulimaliza chuo. Sasa amejitokeza wakala. Anasema Uingereza kuna kazi ya kulea wazee, viza inatoka ndani ya wiki chache, gharama ni shilingi milioni 9, nusu itangulie. Baba yuko tayari kuuza shamba. Unaniuliza: dada, niende au nisiende?

Nianze na huyo wakala, maana ndiye mwenye haraka. Usimlipe hata senti. Njia anayokuuzia imefungwa. Tangu tarehe 22 Julai 2025, serikali ya Uingereza haipokei maombi mapya ya viza kwa wahudumu wa wazee wanaoajiriwa kutoka nje ya nchi hiyo. Mwaka mmoja na zaidi kabla ya hapo, tarehe 11 Machi 2024, ilikuwa imeshawazuia wahudumu hao kwenda na mume, mke au watoto. Kwa hiyo unachouziwa leo hakipo.

Na uwafikirie waliotangulia, ambao viza zao zilikuwa halali kabisa. Kati ya mwaka 2022 na 2024, waajiri zaidi ya 470 wa sekta hiyo walinyang'anywa leseni za kuajiri wageni. Watu walikuwa wameshafika, wameuza walivyouza, wameacha watoto kwa bibi zao, ndipo wakaambiwa saa za kazi hakuna, au kampuni yenyewe haina tena ruhusa. Mwajiri akipoteza leseni, kwa kawaida mfanyakazi hupewa siku 60 apate mwajiri mwingine au aondoke. Siku 60 katika nchi ya ugenini, huku umebeba deni la ukoo mzima! Mtu yeyote akikutajia kazi ya Uingereza, ya fani yoyote ile, muombe jina kamili la mwajiri, kisha litafute kwenye orodha ya waajiri wenye leseni. Orodha hiyo iko wazi kwenye tovuti ya serikali yao na kuisoma ni bure. Ada ya cheti cha udhamini ni mzigo wa mwajiri. Ukiona unadaiwa wewe, achana naye.

Sasa tuje nyumbani. Sitakwambia hujajituma. Mwaka 2025 Mamlaka ya Mapato ilitangaza nafasi 1,596, na waombaji walizidi 135,000. Ukigawanya, kila nafasi moja iligombewa na watu zaidi ya 80. Wenye umri wangu tunaikumbuka pia Juni 2014, vijana zaidi ya 10,000 wamekaa kwenye viti vya Uwanja wa Taifa wakifanya usaili wa Idara ya Uhamiaji, na nafasi zilikuwa 70. Anayekuita mvivu hajaziona hesabu hizi, wala usimpe nafasi ya kukuvunja moyo.

Ila hesabu hizohizo zinasema kwamba Ajira Portal, tovuti ya kuombea kazi za serikali, haiwezi kuwa mlango wako pekee. Endelea kuomba, na uombe kwa usafi. Angalia majina yako: cheti cha kuzaliwa, cheti cha kidato cha nne, kitambulisho cha NIDA, shahada. Kama kimoja kinasema Neema na kingine Nehema, au jina la babu limerukwa mahali, lishughulikie mwezi huu kwa wakili na kwa ofisi zinazohusika, usingoje kuitwa kwenye usaili. Nimeona watu wenye alama nzuri wakirudishwa mlangoni kwa herufi moja, na herufi hiyohiyo itakusumbua kwenye pasipoti.

Halafu fani yako. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu katika barua nzima umeitaja mara moja tu, tena kama kitu cha kuonea haya. Ununuzi na ugavi ni taaluma yenye bodi yake, PSPTB, na huwezi kuifanya kihalali bila kusajiliwa. Wewe una shahada lakini hukuniambia umefika wapi na mitihani ya bodi. Mwenye shahada ya fani hii husamehewa hatua za mwanzo. Anza kufanya mitihani iliyobaki. Mwajiri anayepokea bahasha mia za wenye shahada atatafuta kwanza ile yenye usajili wa bodi, na hilo ni kweli vilevile kwa mhasibu na NBAA, na kwa mhandisi na bodi yake.

Kuna jambo lingine ambalo lingekuwa limekupa riziki tangu mwaka jana. Tangu 2023 zabuni za serikali zinapitia mfumo wa NeST. Sheria inataka asilimia 30 ya ununuzi wa umma itengwe kwa makundi maalumu: wanawake, vijana, wazee, watu wenye ulemavu. Sasa nenda kawaulize mama ntilie wanaotaka kupika kwenye semina za halmashauri, mafundi wa madawati, vikundi vya vijana wanaofanya usafi wa barabara. Wanajua zabuni zipo. Wengi hawajui kujisajili, hawajui kuandaa nyaraka, wanapakia karatasi isiyo yenyewe na kuondolewa hatua ya kwanza. Hiyo ndiyo kazi uliyosomea darasani miaka mitatu! Chukua kikundi kimoja, kisaidie hadi mwisho, kubaliana nao malipo kwa maandishi. Kikundi cha pili kitakuja chenyewe. Bado utakuwa unatafuta ajira, lakini ukiulizwa kwenye usaili ulikuwa unafanya nini, utataja zabuni kwa majina na viwango vyake vya fedha.

Kuhusu kujitolea, kubali pale tu utakapofundishwa kitu, ukiwa na barua yenye tarehe ya kuanza na ya kumaliza, na angalau nauli. Ofisi inayokutumia mwaka mzima kufungua mafaili na kuchemsha chai, kila ukiuliza unaambiwa subiri bajeti, iage kwa heshima uondoke.

Lakini tunza barua zote za kujitolea. Ufadhili wa Chevening wa Uingereza, unaolipia shahada ya uzamili ya mwaka mmoja, unataka uzoefu wa kazi wa saa 2,800, na saa za kujitolea zinahesabiwa. Ukipata, unalazimika kurudi nchini kwako kwa miaka miwili baada ya masomo. Wapo wanaoliona sharti hilo kama kifungo. Mimi naliona ni jema kwa mtu wa umri wako, kwa kuwa unarudi ukiwa na shahada ya pili bila deni, na bodi yako inakungoja.

Sasa usije ukasema dada amenikataza kwenda majuu. Sijakukataza. Ninachotaka ni uende mahali unapopajua kwa jina, kwenye kazi au chuo ulichokithibitisha mwenyewe, ukiwa na karatasi ambazo mtu mwingine hawezi kukunyang'anya. Ujerumani, kwa mfano, tangu Juni 2024 ina kibali kinachomruhusu mtu kwenda kutafuta kazi kwa hadi mwaka mmoja. Kinataka shahada au ujuzi unaotambulika, Kijerumani cha kuanzia au Kiingereza kizuri, na uthibitisho kwamba una zaidi ya euro 1,000 za kujikimu kwa kila mwezi utakaokaa. Kiasi hicho kwa mwaka ni kikubwa kuliko shamba la baba, nakuambia ukweli. Muuguzi ana njia fupi kuliko yako, ilimradi akubali kusoma lugha hadi kiwango cha kuzungumza na mgonjwa bila mkalimani. Goethe-Institut ipo Dar es Salaam, na hakuna wakala atakayekufanyia mtihani huo.

Jihadharini pia na habari za makundi ya WhatsApp. Septemba 2024 Kenya na Ujerumani zilitia saini mkataba wa kazi mjini Berlin, na kabla wino haujakauka ikaenea kwamba Ujerumani imewapa Wakenya ajira 250,000. Wizara ya Mambo ya Ndani ya Ujerumani ilikanusha: mkataba hauna idadi yoyote. Kila mmoja bado anapaswa kutimiza masharti ya sheria ya uhamiaji ya Ujerumani. Wangapi walikuwa wameshalipa ada ya kujiandikisha kwa wajanja?

Na Ghuba, ambako ndugu zetu wengi wana damu na makazi ya vizazi, hasa Oman. Wapo waliofanikiwa, wamejenga na kusomesha. Lakini mwaka 2017 shirika la Human Rights Watch lilichapisha ushuhuda wa wanawake wa Kitanzania waliofanya kazi za ndani Oman na Falme za Kiarabu: pasipoti kufungiwa na mwajiri, kazi bila siku ya mapumziko, mishahara kukatwa au kutolipwa. Chanzo chake ni utaratibu wa udhamini unaoifunga ruhusa ya kukaa nchini na mwajiri mmoja. Ukienda, usiende kwa viza ya matembezi kwa ahadi kwamba itabadilishwa ukifika. Wakala awe na leseni ya mamlaka za kazi, Bara au Zanzibar, na mkataba upitie kwao na kwenye ubalozi wetu kabla hujapanda ndege. Acha nakala kwa mtu mwenye uelewa nyumbani. Na kazi ya "huduma kwa wateja" Thailand yenye mshahara wa dola nyingi, ikimbie kabisa. Mwanzoni mwa 2025 maelfu ya watu, Wakenya wakiwemo, walitolewa kwenye kambi za utapeli upande wa pili wa mpaka, Myanmar, walikokuwa wakilazimishwa kuibia watu mtandaoni.

Jirani zetu mnawasahau. Soko la pamoja la Afrika Mashariki lilianza Julai 2010. Halijafungua kila mlango, lakini Kigali na Nairobi zinafikika kwa basi, unarudi kumzika bibi bila kuomba viza, na ukishindwa unajaribu tena bila kuuza kitu.

Neno la mwisho kwako, mdogo wangu: popote utakapopata mshahara, Bodi ya Mikopo inakungoja. Ukiajiriwa hapa nyumbani makato ni asilimia 15 ya mshahara wa msingi, na ukiwa nje deni la masomo linabaki lako. Liweke kwenye hesabu kabla ya kuahidi mtu yeyote nyumba ya bati la msauzi.

Na kwa baba yako: shikamoo, mzee. Najua unampenda binti yako, na najua kumwona amekaa barazani kunakuuma kuliko yeye anavyofikiri. Naomba shamba usiliuze. Kama kuna fedha ya kumsaidia mwaka huu, mpe ada ya mitihani ya bodi, nauli ya kuzunguka kwa vikundi vya zabuni, na shilingi 150,000 za pasipoti. Huyo wakala akipiga tena, mwambie alete jina la mwajiri.