HODI YA MANENO: SOMO JUU YA KIINGEREZA CHA OFISINI



Katika somo hili tunataka kueleza juu ya maneno madogo ambayo msemaji wa Kiingereza huyatanguliza kabla ya kusema jambo lenyewe. Wengine watauliza, hilo nalo ni jambo la chama? Tunajibu ndiyo, kwa sababu kuna watu waliofukuzwa kazi wakarudi nyumbani bila kujua kwamba wamefukuzwa.

Mwenzetu mmoja wa Namuwongo alikuwa na miaka 7 katika kiwanda kimoja. Kila asubuhi alifuata njia ya reli kwa miguu mpaka eneo la viwanda. Ijumaa moja aliitwa ofisini. Meneja alizungumza kwa upole, akasema: "I'm afraid we have to let you go." Mwenzetu aliishia darasa la sita. Shuleni alifundishwa kwamba "afraid" ni kuogopa, na "let you go" ni kukuacha uende. Wiki ile alikuwa anakohoa. Basi akafahamu kwamba tajiri anaogopea afya yake na anampa ruhusa akapumzike. Akashukuru sana. Akaletewa karatasi, akatia sahihi, akaenda zake. Jumatatu askari wa lango alimwambia kwamba jina lake halimo tena. Ile karatasi ilisema amepokea haki zake zote na hana dai lolote.

Ndugu, tusimcheke. Kila neno alilijua. Hakujua kazi ya maneno yale.

HODI NI NINI

Kwetu mtu haingii nyumba ya mwenzake bila kupiga hodi. Katika mazungumzo ni vivyo hivyo. Tunatanguliza "samahani", "kusema kweli", "usinifikirie vibaya", ndipo tunatoa la moyoni. Mganda, Mwacholi na Mkongo tunaokaa nao kando ya reli, kila mmoja ana hodi yake. Mwenye Kiingereza naye anayo, ila ukiitafsiri neno kwa neno utapotea. Tena hodi si mgeni. Anayebisha anaweza kuwa jirani aliyeleta ndizi, na anaweza kuwa mwenye kudai kodi ya nyumba. Usiseme asante kabla hujamwona.

HODI SABA ZA OFISINI

1. "I'm afraid." Hapa hakuna hofu. Maana yake ni "nasikitika kukuambia", na linalofuata karibu kila mara ni habari mbaya au kukataliwa. Ndugu yake wa kwenye barua ni "We regret to inform you". Na "let you go" kutoka kwa mwajiri ni kukuachisha kazi.

2. "With respect", au "With all due respect". Ukitafsiri utasema ni heshima. Kwa kweli msemaji anatangaza kwamba hakubaliani nawe. Kadiri heshima inavyorefushwa, ndivyo upinzani unavyokuwa mkubwa.

3. "To be honest" na "Frankly". Hasemi kwamba mwanzo alikuwa anadanganya. Anakuonya kwamba linalokuja halitakupendeza.

4. "Having said that." Huja baada ya sifa. Utaambiwa wewe ni mfanyakazi hodari, hujachelewa hata siku moja, kisha neno hili. Sifa zimekwisha hapo. Sikiliza kwa makini kuanzia hapo, maana ndilo uliloitiwa.

5. "I was just wondering if you could." Ukisikiliza maneno, mtu anawaza tu peke yake. Kumbe anakuomba kazi, na anatarajia ukubali. Lakini kwa kuwa amelileta kama swali, nawe una nafasi ya kuuliza: ni saa ngapi, na malipo ni yapi? Sheria yasema saa ya ziada siku ya kawaida hulipwa mara moja na nusu, na siku ya sikukuu ya taifa mara mbili.

6. "As you are aware." Maana yake ni "kama unavyojua". Hodi hii ni ya hatari kwa sababu inakutia ujuzi mdomoni. Barua ikisema "kama unavyojua, ulionywa mara mbili", nawe ukatia sahihi bila neno, kesho itasemwa ulikubali kwamba ulionywa. Kama hukuonywa, andika hapo hapo kwamba hukuonywa.

7. "Without prejudice." Huandikwa juu ya barua. Wengine hudhani ni ahadi ya kutokuwa na ubaguzi. Ni neno la wanasheria. Mwandishi anataka kupatana, na anatangaza kwamba anayokubali katika barua ile yasitumiwe dhidi yake mbele ya shauri. Barua ya namna hiyo usiijibu peke yako. Ilete tawini kwanza.

SHERIA INASEMAJE

Sheria ya Ajira ya Uganda ya mwaka 2006 imelitazama jambo hili. Mwajiri anayetaka kukufukuza kwa kosa au kwa kazi mbovu lazima kwanza akueleze sababu kwa lugha unayoweza kuifahamu, na una haki ya kuwa na mtu uliyemchagua mwenyewe. Notisi ya kuachishwa lazima iwe ya maandishi, nayo kwa lugha unayoweza kuifahamu. Mwenye miaka 5 mpaka 10 kazini, kama mwenzetu yule, hustahili notisi ya miezi 2. Na malalamiko ya kufukuzwa bila haki hupelekwa kwa afisa wa kazi ndani ya miezi 3.

Mwenzetu aliona haya kusema kwamba alimshukuru aliyemfukuza. Alipofika tawini zilikuwa zimebaki siku chache tu miezi 3 itimie. Tulikwenda naye. Fedha za notisi alizipata, kazi hakuirudia. Angekuja wiki ya kwanza tungepigania na kazi. Kwa hiyo tunasema: haya isikuzuie. Kutojua Kiingereza si kosa la kazi.

LA KUFANYA

Kwanza, ukisikia hodi, nyamaza na usubiri neno linalofuata. Pili, sema: "Naomba nielezwe kwa lugha ninayoifahamu," iwe Kiswahili, Luganda au nyingine. Tatu, mwite mwakilishi wa wafanyakazi. Nne, usitie sahihi karatasi ambayo hujasomewa yote. Omba nakala.

Na wawakilishi wetu nao wajifunze kupiga hodi hizi. Mezani, "With respect, sir, we do not agree" hukataa bila kutukana, na meneja huelewa mara moja.

MASWALI YA KUJADILI TAWINI

1. Katika kiwanda au shamba lenu, ni hodi gani husikika zaidi, na nini hufuata?
2. Msimamizi akisema "As you are aware" juu ya jambo usilolijua, utajibu nini?
3. Ni nani katika tawi lenu anayeweza kuwasomea wenzake barua? Je, kila mtu anamjua?

Umoja ni nguvu.