Mkunga wa Sushi: Mwoshe Kwanza Mchuzi wa Kiwandani

Ikifika mwishoni mwa Julai, joto la Tokyo huchosha hadi usiku, na supamaketi zote hupanga mbele bidhaa moja: unagi, mkunga wa maji baridi, aliyepasuliwa, akachomwa na kupakwa mchuzi mweusi unaong'aa. Ni msimu wa siku ya ng'ombe katika kalenda ya zamani, ambayo Wajapani hula mkunga ili kupata nguvu za kustahimili kiangazi. Simulizi maarufu humtaja Hiraga Gennai, msomi wa karne ya 18, kuwa ndiye aliyemshauri muuza mkunga mmoja aliyekosa wateja abandike tangazo la siku hiyo mlangoni. Tangu hapo wauzaji wanaisubiri Julai kwa hamu.

Nami nikanunua pakiti, na haikuwa ya bei rahisi. Maelezo ya nyuma yalisema: dakika chache kwenye maikrowevu, kisha juu ya wali. Nikayafuata neno kwa neno. Ngozi ilitoka ngumu kama mpira wa baiskeli, nyama imekauka pembeni, na mchuzi ule mtamu ulifunika kila ladha. Niliudhika kweli. Maelezo yale yaliandikwa na mtu anayetaka kuuza, si mtu anayetaka kula.

Aliyeniokoa ni jirani, bibi aliyezaliwa na kukulia Tokyo. Nilipomwonyesha pakiti ya pili alisema neno moja tu kwanza: mwoshe. Nilidhani sikumsikia vizuri. Kuosha mchuzi, kitu chenyewe nilichokilipia?

Kabla ya kufika huko, inafaa kujua mkunga hupikwaje na mafundi wake. Hawamli mbichi kama jodari, kwa sababu damu yake ina protini yenye sumu ambayo huharibiwa na moto. Mafundi wa Tokyo humbana kichwa ubaoni kwa msumari, wakampasua mgongoni. Wa Osaka humpasua tumboni. Inasimuliwa kwamba Tokyo, enzi hizo ikiitwa Edo, ulikuwa mji wa samurai, na kupasua tumbo kuliwakumbusha mno namna wao walivyojiua. Tofauti kubwa zaidi iko motoni. Osaka humchoma moja kwa moja mpaka ngozi iwe kavu na yenye kuvunjika. Tokyo humchoma bila kiungo, wakampika kwa mvuke, ndipo wakamchovya kwenye mchuzi na kumrudisha juu ya makaa. Ule mvuke ndio hulainisha ngozi nene ya mkunga. Mafundi husema miaka mitatu ya kujifunza kumchoma vijiti, minane ya kumpasua, na maisha yote ya kumbanika. Kwa hiyo nyumbani anza na aliyekwisha kuchomwa, wala usione haya.

Sasa lile la jirani yangu. Aliweka mkunga kwenye chujio, ngozi chini, akammiminia maji ya moto polepole, huku akisugua juu kwa ncha za vidole. Maji yalitiririka ya kahawia, mazito, yenye matone ya mafuta. Chini yake ikajitokeza nyama nyeupe yenye alama za moto, na harufu ya samaki aliyechomwa ambayo pakiti haikuwahi kutoa. Mchuzi wa kiwandani mara nyingi huwa na sukari nyingi na wanga wa kuufanya mzito, kwa hiyo huungua kabla nyama haijapata moto. Ukiuacha, unapasha mchuzi tu, mkunga anabaki vilevile.

Baada ya hapo alimkausha kwa karatasi ya jikoni, taratibu, maana nyama hukatika. Akamnyunyizia sake, pombe ya mchele, kiasi cha vijiko viwili, akamfunga kwenye foili bila kuacha mwanya, akamweka kwenye kikaango chenye kifuniko, moto mdogo. Sake ikawa mvuke humo ndani. Kumbe ni ile hatua ya mafundi wa Tokyo, imerudishwa kwa mkunga aliyekaa siku nyingi kwenye friza! Ukimbonyeza na kidole kikazama bila kusukumwa, ameiva. Mfungue, mpake mchuzi mpya mara mbili tatu chini ya moto mkali wa juu wa oveni, na umtoe mara tu mchuzi unapoanza kutoa mapovu.

Mchuzi huo ni soya na mirin, pombe tamu ya mchele, kwa kipimo sawa, sukari na sake kidogo, uchemke mpaka ung'ang'anie mgongo wa kijiko. Wali ni wa punje fupi, uliochanganywa na siki, sukari na chumvi ungali moto. Kata mkunga kimshazari, laza kipande juu ya tonge, kifunge kwa utepe mwembamba wa nori, mwani uliokaushwa. Wasabi iache, nyunyiza sansho, pilipili ya Kijapani yenye harufu ya limau.

Kuhusu wauzaji, msimamo wangu ni huu: usidanganywe na urefu wa mkunga, tazama unene wa nyama. Soma lebo, maana Japani sheria inadai nchi alikotoka itajwe. Na ukimkuta shirayaki, yaani aliyechomwa bila mchuzi, mchukue huyo. Hana cha kuoshwa.

Ila usimnunue kila wiki. Mwaka 2014 shirika la uhifadhi la IUCN lilimweka mkunga wa Kijapani katika orodha ya viumbe walio hatarini kutoweka. Anazaliana mbali baharini, magharibi ya Visiwa vya Mariana, na watafiti wa Japani waliyapata mayai yake huko mwaka 2009. Mwaka uliofuata walifanikiwa kumzalisha mzunguko mzima katika maabara, lakini takriban mikunga wote wa mabwawani bado huanza maisha wakiwa vitoto vilivyovuliwa pwani. Kwa siku za kawaida muulize muuza samaki wako anago, mkunga wa baharini. Ndiye wapishi wa sushi wa Tokyo waliyemzoea tangu zamani, naye hupikwa taratibu ndani ya soya na sukari bila kuhitaji jiko la makaa.